Moshi, Kufuli na Kabati: Jiko la Mwanza Limetoka Wapi?

Fundi alikuja Buswelu na picha za makabati kwenye simu, nyingi kweli kweli. Nyumba imeshaezekwa, plasta imekauka, lililobaki ni jiko. Kulikuwa na ya aluminiamu na vioo, kulikuwa na ya MDF nyeupe isiyo na vishikio, kulikuwa na ya mninga yenye rangi ya asali. "Dada, wewe chagua staili tu, mimi nikate," akaniambia.

Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alizitazama picha zote bila haraka, akarudisha simu, akauliza swali moja: "Sasa mimi nitakaa wapi?"

Fundi akacheka. Mimi sikucheka. Mama amebaki peke yake Ukerewe, magoti yanamsumbua, na nyumba hii nimeijenga ili ahamie. Alishaniambia wazi kwamba asipopata jiko atasalimia, atakaa wiki mbili, atapanda meli arudi. Na kweli, kwenye picha zile zote hapakuwa na mahali pa mtu kukaa. Kila kabati lilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Mama amepika maisha yake yote akiwa juu ya kigoda.

Basi nikamwomba fundi anipe muda. Badala ya kuchagua, nikaanza kujiuliza haya makabati yalifikaje kwetu.

Tuanze na moshi. Jiko la zamani la kandokando ya Ziwa lilikuwa mafiga matatu, na juu yake uchaga wa fito. Uchaga ule ndio uliokuwa kabati. Samaki waliwekwa pale wakauke, mbegu za msimu ujao zikafungwa pale, na moshi ukafanya kazi ambayo leo tunanunulia dawa ya dukani: ulifukuza wadudu. Nafaka nyingi ilikaa nje, kwenye kihenge. Vibuyu na kata vilitundikwa. Vyungu vilikaa chini, kwa sababu chungu kina tako la duara. Ukikiweka kwenye rafu kinabingirika, kinahitaji ngata au kishimo. Yaani kila kitu kilikuwa wazi, na kila kitu kilikuwa karibu na mkono wa mtu aliyekaa.

Anayetaka kuyaona maisha ya aina hiyo kwa maneno asome Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzake mama. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Tunapenda kuisifu kama hadithi ya ndoa na utasa, na ni kweli, lakini ni kitabu cha kazi za nyumbani pia: kulima, kuvua, kupika pombe ya ndizi, kupokea wageni. Anayependa kugusa kwa mkono aende Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, atazame vyombo.

Pwani mambo yalikuwa tofauti. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilikuwa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ambamo watu wenye uwezo walipanga sahani za kigeni. Lakini angalia: zidaka hazikuwa za jikoni. Zilikuwa za chumba cha ndani, za kutazamwa. Jikoni kulikuwa na susu, ile inayoning'inizwa darini ili paka na panya wasifikie chakula. Kwa hiyo tangu zamani kulikuwa na vyombo vya kuonyesha na vyombo vya kupikia, na havikulala chumba kimoja.

Kwetu kilicholeta rafu ni sufuria. Reli ya Uganda ilifika ziwani, upande wa Kisumu, mwaka 1901. Miaka michache baadaye meli za mvuke kama Winifred na Sybil zikawa zinazunguka bandari za Ziwa. Mwaka 1928 Mwanza ikapata reli yake yenyewe kutoka Tabora. Mabati, bakuli za enameli na sufuria vikaja kwa njia hizo. Sufuria ina tako bapa, inakaa popote palipo bapa. Hata maneno yanakuambia safari ya vitu: sanduku na rafu tulivipata kutoka upande wa Waarabu, meza kwa Wareno, kabati kwa Waingereza.

Kisha ikaja hela ya pamba. Wakulima wa Usukuma walijiunga kwenye vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao kubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo jina la Paul Bomani haliachani nalo. Mwenye msimu mzuri alinunua baiskeli, cherehani, bati. Na alipotaka kabati, kabati halikwenda jikoni. Lilikwenda sebuleni. Wengi wetu tumelikuta: la mbao, milango ya vioo, ndani kuna chupa ya chai yenye maua, glasi sita, na sahani za harusi ambazo mtoto akizigusa anakiona cha moto. Zile ndizo zidaka zetu. Jikoni, nyuma ya nyumba, moshi uliendelea.

Huko Ulaya, hata kabla ya hapo, jiko lilikuwa linageuzwa kiwanda. Mwaka 1926 mwanamke msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa Frankfurt. Lilikuwa dogo, mita 1.9 kwa 3.4, makabati yamejengewa ukutani, kila droo ina kazi yake, hatua za mpishi zimehesabiwa. Yalijengwa kama 10,000. Picha za fundi wangu, ukizifuatilia mpaka mwisho, ni wajukuu wa jiko lile. Lililaumiwa baadaye kwamba lilimfungia mwanamke peke yake, na lawama hiyo mtu wa Mwanza anaielewa haraka: kwetu anayepika ana mtu wa kuchambua mchele, mtu wa kupulizia mkaa, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akabaki na umbea. Lakini kuna kitu kimoja watu walionakili jiko lile wamekisahau. Yule mama aliweka kiti. Kiti cha kuzunguka, mbele ya meza ya kazi, ili mpishi afanye kazi akiwa amekaa. Makabati yalisafiri dunia nzima, kiti kikaachwa njiani.

Sisi tulipata somo letu kwa redio. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakakaa kwenye vikundi kusikiliza na kujadili magonjwa, kichocho kikiwemo, ambacho watu wa Ziwa hawahitaji kuelezwa. Hata leo bwana afya akipita kijijini anauliza choo, anauliza shimo la taka, anauliza kichanja cha vyombo. Kichanja ni kabati lisilo na mlango: miti minne, fito juu, sufuria zimepinduliwa, jua linaua vijidudu bure. Na huku ziwani kichanja ni neno la riziki pia, maana dagaa wanaanikwa juu yake.

Mlango na kufuli tulifundishwa na shida. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 sukari na sabuni vilikuwa vya foleni. Mwaka 1983 Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu wengine walitupa bidhaa usiku kwa hofu. Mama anasema miaka ile sukari haikulala jikoni, ililala chumbani, uvunguni, kwenye sanduku lenye kufuli. "Kabati la jikoni la kuwekea nini?" ananiuliza mpaka leo.

Sasa majiko yenyewe yanabadilika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni jambo jema, macho ya mama zetu yameumia vya kutosha. Ila moshi ukiondoka, mlinzi wa uchaga ameondoka. Chakula kinataka mlango, na nyuma ya mlango mende wanataka giza. Na MDF ikinywa maji inavimba kama andazi.

Nilirudi kwa fundi na majibu haya. Upande mmoja, makabati ya ukutani ya aluminiamu, machache, kwa ajili ya unga na sukari na kwa ajili ya wageni, maana mimi pia nataka kung'aa kidogo. Chini, rafu za zege zenye marumaru, bila milango, hewa ipite. Mbao za paini zinazopandwa Buhindi na Rubya zitatosha kwa droo, mninga utanisubiri nitajirike. Nje ya mlango wa nyuma, kichanja. Na chini ya dirisha kubwa, meza fupi ya zege, na jiko la gesi la kuweka chini kando yake.

"Fupi kiasi gani?" akauliza fundi.

Mama akaleta kigoda chake, alikuwa amekuja nacho kwenye meli. Akakaa, akanyoosha mikono kama anayesonga ugali, akatulia hivyo. Fundi akachuchumaa, akatoa futi yake, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye viwiko vya mama, akaandika ukutani kwa penseli.