Uhuru Park: Bustani iliyozeeka, ukarabati na swali la mwenyewe

BUSTANI ya Uhuru Park, iliyo kwenye ukingo wa magharibi wa kitovu cha jiji la Nairobi, ilifunguliwa rasmi na Rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, mnamo Mei 23, 1969. Ina ukubwa wa hekta 12.9, na ndani yake mna ziwa dogo la kuchimbwa, uwanja wa mikutano ya hadhara na sanamu za kumbukumbu. Upande wa mashariki imepakana na barabara ya Uhuru Highway, na upande wa kaskazini barabara ya Kenyatta Avenue inaitenganisha na bustani pacha ya Central Park. Magharibi ardhi inapanda kuelekea mlima wa Nairobi Hill.

Mahali hapo ndipo panapoipa bustani thamani yake. Wakazi wa Kibera, Kawangware na mitaa mingine iliyo kando ya Barabara ya Ngong, ambao huenda kazini kwa miguu ili kuokoa nauli, huifikia kabla ya kuingia mjini. Kwa miaka mingi, mfanyakazi asiye na pesa za chakula cha mchana amekuja kujilaza kwenye nyasi zake, vibarua wamengojea kazi chini ya miti yake, na familia zimepanda mashua siku za Jumapili. Wapigapicha na wachuuzi nao wamepata riziki kwa umati huo.

Uwanja wa historia

Ni vigumu kutaja tukio kubwa la taifa ambalo halikuigusa bustani hii. Mnamo Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa hapo wakati wa Kongamano la Ekaristi. Mnamo Desemba 30, 2002, Mwai Kibaki aliapishwa hapo kuwa Rais, na utawala wa chama cha Kanu wa karibu miaka 40 ukafika kikomo. Katiba ya sasa ilizinduliwa papo hapo mnamo Agosti 27, 2010. Mnamo Januari 30, 2018, Raila Odinga alikula kiapo cha "rais wa wananchi" mbele ya wafuasi wake katika uwanja huo huo.

Si kumbukumbu zote zilizo za furaha. Mnamo Juni 13, 2010, milipuko katika mkutano wa kupinga rasimu ya katiba iliua watu sita. Mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi uliozua ghasia, maafisa wa usalama waliizingira bustani ili kuzuia mkutano wa upinzani.

Ghorofa 60 zilizokwama

Hatari kubwa zaidi kuwahi kuikabili bustani hii ilikuja mwaka wa 1989. Serikali ilipanga kujenga humo jumba la ghorofa 60, ambalo lingekuwa makao ya Kanu na ya gazeti la Kenya Times, pamoja na maduka na maegesho ya magari. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt Movement, aliandika barua kwa idara za serikali, mashirika ya kimataifa na balozi akiuliza ni kwa nini umma unyang'anywe mahali pake pa kupumzikia. Alikejeliwa na wanasiasa, na shirika lake likafurushwa kutoka ofisi lilizokuwa likitumia. Hata hivyo, wafadhili wa kigeni walijiondoa, na mapema mwaka wa 1992 ua uliozungushiwa eneo hilo uliondolewa.

Mnamo Februari 28 mwaka huo huo, kina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika pembe ya bustani iliyokuja kuitwa Freedom Corner. Profesa Maathai alikuwa pamoja nao. Mnamo Machi 3, polisi waliwatawanya kwa vitoa machozi na marungu. Baadhi ya kina mama walivua nguo, jambo ambalo katika mila nyingi za Kenya ni laana nzito kwa anayelisababisha. Walihamia katika kanisa la All Saints Cathedral lililo karibu, wakakaa humo hadi wengi wa wafungwa hao walipoachiliwa.

Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Alipofariki Septemba 2011, ibada yake ya mazishi ya kitaifa ilifanyika katika bustani aliyoiokoa. Mnamo Septemba 2015, sanamu ya kuwakumbuka waathiriwa wa mateso ya enzi ya ukoloni ilizinduliwa katika pembe hiyo hiyo kwa ufadhili wa serikali ya Uingereza, kufuatia maafikiano ya 2013 na wazee 5,228 waliodai fidia.

Kuchakaa na kufungwa

Bustani huchakaa polepole. Umati wa mkutano mmoja hushindilia udongo, maji ya mvua yakakosa pa kupenya, nyasi zikanyauka na tope likasombwa hadi ziwani. Ziwa likijaa tope, maji huanza kunuka. Taa zikizimika, wezi huingia, na familia huacha kuja jioni. Kabla ya ukarabati, wageni wa Uhuru Park walilalamikia mambo hayo pamoja na vyoo vichafu na takataka.

Kazi ya kuikarabati iliangukia idara ya Nairobi Metropolitan Services (NMS), iliyoundwa mwaka wa 2020 baada ya Gavana Mike Sonko kukabidhi Serikali Kuu baadhi ya majukumu ya kaunti. Idara hiyo, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, iliifunga bustani kwa umma mwaka wa 2021. Mipango ilijumuisha njia mpya za kutembelea, viwanja vya watoto, ukumbi wa wazi wa maonyesho na sehemu za kulia chakula.

Malalamishi hayakukawia. Wanamazingira walishutumu kukatwa kwa miti, na wanaharakati wakadai kwamba wananchi hawakushirikishwa. Hofu yao ilikuwa na chimbuko: mnamo 2019 tu, Green Belt Movement na makundi mengine yalikuwa yamepinga mpango wa barabara ya Nairobi Expressway kumega ukingo wa bustani. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali kuhimiza umma ushiriki katika kutunza mazingira, na kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukutana na kuandamana kwa amani bila silaha. Kwa waliokumbuka mwaka wa 1989, ua na walinzi milangoni havikuwa jambo dogo, hata kama ndani yake palikuwa pakipandwa maua.

NMS ilivunjwa mwaka wa 2022 na majukumu yakarejea kwa kaunti. Mnamo Julai 7, 2024, vijana walijaa katika bustani hiyo kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Bustani ilikuwa imerudi kwenye kazi yake ya zamani.

Funzo la bustani nyingine

Uhuru Park si bustani ya pekee iliyopitia misukosuko. Jeevanjee Gardens, iliyotolewa kwa wananchi na mfanyabiashara A.M. Jeevanjee mapema katika karne ya 20, ilinusurika mpango wa 1991 wa kujengwa maegesho na maduka, baada ya mjukuu wake, Zarina Patel, kuongoza upinzani. Bustani ya Michuki, iliyo kando ya Mto Nairobi, ina funzo tofauti. Ilikombolewa kutoka jaa la taka mwaka wa 2008 wakati John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira. Baada ya kifo chake mwaka wa 2012 ilitelekezwa, ikalazimu ifufuliwe tena mwaka wa 2020.

Kisa cha Michuki chaonyesha kwamba ukarabati ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni bajeti ya kila mwaka ya kumlipa mkata nyasi, kuzoa tope ziwani na kubadilisha taa zilizoungua. Nayo historia ya Uhuru Park yaonyesha kwamba bustani hulindwa kwanza na watu wanaoitumia. Mwananchi atakayezuiliwa kujilaza kwenye nyasi mchana hatakuwa na sababu ya kuitetea siku mnyakuzi atakaporudi na ramani zake.