Sarafu za Kisiba

Katika njia iteremkayo kutoka Tukuyu kuelekea Ipinda, wilayani Rungwe, lipo ziwa dogo la duara lililotuama katika mdomo wa volkano. Huitwa Kisiba, wengine huliita Masoko. Kando yake Wajerumani waliweka makao ya kombania ya tano ya jeshi lao la kikoloni.

Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na Wajerumani wakaihama Tukuyu, waliyoiita Neu Langenburg. Simulizi yasema kwamba kabla ya kuondoka walizamisha ziwani silaha zao na masanduku ya fedha. Wageni wapitao huko wameuziwa sarafu kuukuu, zinazosemwa kuwa zimeokotwa ufukweni.

Mimi sarafu hizo hazinishawishi. Heller zilipigwa kwa mamilioni tangu 1904, na raia walidaiwa kodi kwa fedha taslimu. Basi kipande cha shaba mchangani huenda kilimdondoka mkulima, si afisa. Na ziwa lenyewe halifiki kina cha mita 40. Wataalamu wamekwisha kutoa tope la chini yake wakasoma humo habari za mvua za kale.

Lililonishughulisha zaidi ni jingine. Masanduku hayo, ikiwa yalikuwapo, nani aliyachukua? Vita vile vilibebwa vichwani mwa watu, kwa kuwa barabara zilikuwa haba na mbung'o aliua wanyama wa mizigo. Upande wa Waingereza pekee, wanahistoria hukadiria wapagazi wapatao milioni moja. Waliokufa hawapungui 95,000, kwa malaria, kuhara na njaa, wengi wao mbali na risasi. Wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa sawasawa. Vifo vingapi kati ya hivyo viitwe ugonjwa, na vingapi viitwe mauaji? Mlishaji aliyejua kuwa posho haitoshi, akaendelea kupakia mizigo, tumwite nani? Nasi tumekaa karne nzima tukiulizia dhahabu.

Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, iliyosimamishwa 1927. Na Mombasa ipo mfano wake. Maandishi yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawataja wapagazi. Jina la hata mmoja wao hamna.