Rangi ya Giemsa: mfamasia wa Afrika Mashariki aliyesahaulika

Mpanda, mkoani Katavi, kama kwingineko nchini Tanzania, rangi ya Giemsa inajulikana kwa malaria: tone la damu kwenye slaidi, rangi, kisha darubini. Lakini rangi hiyo hiyo hupakwa pia kwenye seli zilizokwanguliwa tumboni, ili daktari ajue kama kidonda ni cha kawaida au ni saratani. Zaidi ya miaka 120 tangu itangazwe mwaka 1904, wangapi wanajua kwamba aliyeikamilisha aliwahi kufanya kazi nchini kwetu?

Gustav Giemsa alizaliwa Silesia mwaka 1867, akawa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898. Ni katika kipindi hicho ambapo hospitali ya Ocean Road, leo taasisi ya saratani, ilipojengwa Dar es Salaam. Baadaye alihamia Hamburg, kwenye taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Bernhard Nocht.

Heshima ya uvumbuzi wenyewe ina wenyewe wengi. Mwaka 1891 Dmitri Romanowsky wa Saint Petersburg alichanganya eosini na bluu ya methilini iliyokaa muda mrefu, akaona viini vya vimelea vya malaria vikigeuka zambarau. Mwaka huo huo Ernst Malachowski, Mjerumani, alifikia jambo lile lile kwa kutumia boraksi. Vitabu vikampa Romanowsky sifa. Naona Malachowski alidhulumiwa, kwani yeye alionyesha namna ya kuibadilisha bluu hiyo kwa makusudi, wala hakuingoja ichakae chupani. Nocht naye aliendeleza njia hiyo. Giemsa alileta kilichokosekana: aliiyeyusha azuri (ile bluu iliyokwisha kubadilishwa) kwenye gliserini na methanoli, rangi ikadumu bila kuharibika.

Kwa rangi hiyo, seli za saratani ya tumbo huonekana na viini vikubwa visivyolingana, na huachana ovyo. Shida ni kidonda kinachopona: seli zake changa nazo huwa na viini vikubwa, ila hushikamana kwa mpangilio. Kosa hapo ni kumtia mtu hofu bure, au kumwambia yuko salama kumbe sivyo. Ndiyo maana kipande cha nyama huchunguzwa pia.

Uchunguzi kama huo unahitaji jicho la mtaalamu. Katavi ulipokuwa mkoa mwaka 2012, rufaa kubwa zilibaki kuelekea Mbeya. Mkoa huu unastahili mtaalamu wake wa seli.