Pengo na Jino la Pembe: Habari za Kung'oa Meno na Kubandika Meno katika Nchi ya Kilimanjaro

Katika methali za Waswahili imo moja isemayo, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Maana yake wasomaji wetu waijua: kitu cha kutengenezwa hakishiki kabisa mahali pa kitu cha asili. Walimu huitumia darasani kumwonya mtoto aachaye chema chake kwa tamaa ya kingine. Lakini methali ina historia pia ndani yake, maana haikutungwa ila na watu waliojua mapengo, nao wakajua ya kuwa pembe yaweza kuchongwa ikafanywa jino. Twataka kueleza habari za mambo hayo mawili, pengo na jino la pembe, kama yalivyoonekana katika nchi ya Kilimanjaro.

Kwanza tuyatazame maneno. Kiswahili hutenga vema meno ya kinywani: meno ya mbele, chonge, na magego. Mahali palipotoka jino paitwa pengo, na mtu asiye na meno aitwa kibogoyo. Kutokana na gego tena twapata neno zito, kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hii alihesabiwa kuwa mkosi wa jamaa yake. Pwani na bara aliogopwa, na katika makabila kadha wa kadha aliuawa au kutupwa. Neno hili lafaa kukumbukwa, maana tutalirudia.

Huku Uchagani jino lilikuwa na kazi nyingine pia. Wachaga wa kale waling'oa meno mawili ya katikati ya taya la chini. Hawakufanya hivyo kwa mtoto mchanga, bali kwa mtoto aliyekwisha kuota meno ya ukubwa. Na jambo hili liliandamana na kutobolewa masikio, yakiwa madaraja ya kupanda kabla ya kufika jandoni. Otto Raum, aliyechapisha kitabu chake cha malezi ya Wachaga mwaka 1940, aliliweka pamoja na mambo ambayo kwayo mtoto hupimwa kama aweza kuvumilia maumivu. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuandika mafundisho ya jando la Wachaga katika juzuu tatu kati ya 1932 na 1938, alionyesha jinsi mwili wenyewe ulivyokuwa kitabu cha mafundisho. Basi pengo la Mchaga wa kale halikuwa aibu, bali lilikuwa cheti chake.

Wachaga hawakuwa peke yao. Wamasai, jirani zao wa nyikani, waling'oa meno hayo hayo mawili. Wajaluo waling'oa sita ya chini. Wamakonde, walio mbali kusini, hawakung'oa, bali walichonga meno yakawa na ncha. Wamasai hutoa sababu moja ambayo daktari hawezi kuicheka: mtu akishikwa na pepopunda, taya hufunga, na kupitia pengo lile aweza kunyweshwa maziwa. Lakini sababu hii haitoshi kueleza yote, kwa maana kabila lililo jirani huchonga badala ya kung'oa, na pepopunda haichagui kabila. Twaona kwamba alama ilikuwa kwanza kwa ajili ya kujulikana, na faida nyingine zilifuata.

Mwaka 1883 alipita katika nchi hii msafiri Mskoti, Joseph Thomson. Alitoka Mombasa mwezi wa Machi, akafika Taveta, akapanda Moshi kwa Rindi, mfalme aliyejulikana pwani kwa jina la Mandara, kisha akaingia nchi ya Wamasai. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 asimulia jinsi alivyoyatoa na kuyarudisha mbele ya Wamasai, nao wakamhesabu kuwa laiboni mkuu. Wasomaji wengi wa Ulaya walicheka habari hiyo kama ujinga wa washenzi. Sisi twaiona vingine. Wamasai walijua kung'oa jino kuliko Thomson mwenyewe. Kila mtu mzima kati yao alikuwa na pengo. Walilolistaajabia si jino kutoka, bali jino kurudi. Kwao jambo la kung'oa lilikuwa la mara moja, halina kurudi nyuma, kama jando lenyewe.

Mwaka huo huo wa 1885 Rider Haggard alitoa hadithi yake ambayo walimu wetu waijua kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyochapishwa mwaka 1929. Ndani yake yumo bwana mmoja ambaye meno yake ya bandia yawatisha watu hata wakamwachia asiuawe. Thomson mwenyewe alinung'unika kwamba kisa chake kimechukuliwa. Hivyo habari ya nchi za Kilimanjaro ilikwenda Ulaya, ikageuzwa hadithi, ikarudi kwetu katika vitabu vya shule.

Tena iko safari nyingine ya meno ambayo haikuandikwa katika hadithi. Watu wa Etruria katika Italia walifunga meno kwa mishipi ya dhahabu yapata miaka 700 kabla ya Kristo. Huko Ulaya na Marekani, katika karne ya 18, meno ya bandia yalichongwa mara nyingi kwa pembe, na hasa kwa jino la kiboko, kwa sababu ni gumu kuliko pembe ya ndovu wala haligeuki rangi upesi. George Washington, aliyekuwa na jino lake moja tu alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alivaa meno ya namna hii. Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815 watu waling'oa meno ya askari waliokufa wakayauza kwa matajiri wasio na meno. Na meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa Unguja katika karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu zilizotoka bara kwa migongo ya wapagazi. Kwa hiyo methali yetu isemapo jino la pembe, yataja kitu kilichotoka katika mito ya Afrika kikaenda kuziba mapengo ya watu wa mbali.

Biashara hiyo ilififia kwa ajili ya mambo mawili. La kwanza ni dawa ya usingizi: mwaka 1846 huko Boston ilionyeshwa mbele ya madaktari kwamba mtu aweza kupasuliwa bila kusikia maumivu, na watu wakaacha kuogopa kung'olewa meno mengi kwa pamoja. La pili ni mpira mgumu uliopikwa pamoja na kiberiti, uliopewa hati mwaka 1851. Huo waweza kukandwa ukafuata umbo la ufizi, nao ni rahisi kuliko pembe. Katika miaka ya 1930 mpira nao ukaachia mahali pake akriliki, ambayo rangi yake yafanana na ufizi, nayo yatumika hata leo.

Reli ilifika Moshi mwaka 1911, mji mpya ukaota tambarare, na baadaye ukaenea hata Pasua, ambako leo wakaa watu wa makabila mengi. Shule, kanisa na mji viliondoa desturi ya kung'oa meno mawili ya chini. Pengo lililokuwa cheti likawa jambo la kufichwa kwa kiganja wakati wa kucheka.

Lakini desturi moja ilipokufa, nyingine ilizuka. Katika miaka ya 1980 ulienea katika Tanzania uvumi wa "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, waganga husema ufizi wake una meno mabaya ya rangi nyeupe. Wauchimba kwa chombo kisicho safi na kutoa kilichomo. Kitolewacho si plastiki. Ni chonge changa la mtoto, ambalo bado halijapata kuwa gumu. Kuharisha hakuponi kwa hilo, maana asili yake ni maji na vyombo vichafu. Mtoto aweza kufa kwa kutoka damu au kwa kuoza kidonda. Na akipona, mara nyingi jino la ukubwa lililokuwa chini yake laharibika au halioti kabisa. Acholi wa Uganda walijulikana kwa jambo kama hili tangu miaka ya 1960. Twaona kwamba ni ndugu wa kigego: hofu ile ile ya kinywa cha mtoto mchanga, imevaa jina la kitu cha kiwandani.

Tena, si kila jino baya lina lawama ya mtu. Wengi wa nchi ya Meru na Kilimanjaro wana meno ya rangi ya kahawia, kwa sababu ya floraidi. Shirika la Afya Duniani laweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na visima vingi vya kaskazini vyazidi kipimo hicho. Magadi yatiwayo katika kiburu na vyakula vingine huongeza. Yafaa mwalimu ajue, ili asimwambie mtoto wa namna hiyo kwamba hapigi mswaki.

Siku hizi atakaye meno ya bandia hupata daktari wake Moshi. Jino hung'olewa kwa ganzi. Kidonda huachwa kipone. Umbo la taya huchukuliwa, hujaribiwa kwa nta, kisha hufanywa akriliki. Lakini mfupa uliokosa jino hupungua mwaka hata mwaka, na meno yaliyokaa sawa leo hulegea baadaye, hasa ya chini. Lazima yatolewe usiku, yaoshwe, na kutengenezwa tena. Hapo twaona methali ilisema kweli ya mwili, si ya mfano tu.

Basi, ndugu walimu na mapadre, kwa mzee mwenye pengo la kale tuwe na heshima, maana alama yake ni ya watu waliojua walichofanya. Kwa mama aliyebeba mtoto anayeharisha tuwe na haraka: tumwambie ampe maji ya chumvi na sukari, ampeleke zahanati, wala asimpeleke kwa mchimba ufizi. Mzee alichaguliwa pengo na kabila lake, akalipokea akiwa na akili zake. Mtoto mchanga hakuulizwa, na hakuna jino la pembe litakalomlipa.