Jambia la Kale na Jambia la Kuigiza

Jambia lilikuwa silaha kabla ya kuwa pambo. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja hata alipofariki mwaka 1856, na masultani waliomfuata Unguja, walilivaa kiunoni likiwa ishara ya daraja na mamlaka. Mamlaka hayo yaliondolewa na Mapinduzi ya mwaka 1964. Majambia yenyewe yalisalia, na leo huuzwa yakiwa yamechanganyika na mengine ambayo hayakupata kuvaliwa na mtu.

Wakusanyaji wengi huanza kwa kutazama fedha. Sisi tungependa waanze na mpini. Mipini ya thamani ilichongwa kwa pembe ya kifaru, ambayo ni nyuzi nyembamba zilizoshikamana. Zikikatwa kwa upana huonekana kama vitone, na pembe ikielekezwa kwenye mwanga hung'aa rangi ya asali. Plastiki haina nyuzi. Hata hivyo, aliyeipata pembe ya kweli asifurahi upesi, kwa kuwa biashara ya kimataifa ya pembe hiyo ilipigwa marufuku na Mkataba wa CITES mwaka 1977.

Masonara walizoea kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye tarehe ya 1780 hata zilipopigwa miaka mingi baadaye. Nakshi ya mkono haifanani kamili pande mbili. Iliyomiminwa katika kalibu ina kingo butu, vishimo vidogo, na ua lile lile likirudiwa bila tofauti. Fedha ya kale hulika pale mkono na nguo zilipogusa, weusi ukabaki katika mifuo. Iliyozeeshwa kwa dawa huwa nyeusi kila mahali.

Lililo gumu zaidi ni jambia la kurithiwa. Mtoto alibadili ala, mjukuu akatia mpini mpya. Huo ni ukarabati, wala hatuuiti udanganyifu. Kadhalika jambia jipya la sonara wa Nizwa ni kazi halali, na ufundi huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2022. Udanganyifu huanza muuzaji anapotaja umri.

Basi jambia na lichomolewe, ala imulikwe ndani. Ubao uliokaa na chuma miaka mingi huwa na kutu na mikwaruzo. Ukiwa mweupe, ungali na harufu ya randa, na muuzaji anaapa kwamba ala hiyo ni ya enzi za Sayyid Barghash, arudishiwe jambia lake.