Seli Zinazosafiri Pamoja: Protini za Kushikamanisha Seli na Kuenea kwa Saratani ya Kinywa

Kwa miongo kadhaa, maelezo ya namna saratani ya kinywa inavyoenea yameegemea picha moja: ukuta wa matofali uliopoteza saruji. Seli za utando wa kinywa hushikana kwa protini. Protini zikipungua, seli huachana. Zikishaachana hupenya chini, huingia kwenye mishipa ya limfu na kutua kwenye tezi za shingoni. Picha hiyo ni rahisi kufundisha na haikosi ukweli, lakini imeacha nje jambo lenye uzito kuliko yote. Ninachodai hapa ni kwamba seli za saratani hii hazisongi mbele kwa kuacha kushikamana. Husonga kwa kubadili kile zinachokishika, mahali zinapokishikia na nguvu ya mshiko wenyewe. Suala hili si la maabara peke yake. Makadirio ya mwaka 2022 yalihesabu duniani wagonjwa wapya wa saratani ya midomo na kinywa wapatao 389,000 na vifo karibu 188,000, na sehemu kubwa mno ya saratani hizo huanzia kwenye seli bapa za utando. Sehemu kubwa ya wagonjwa hao wako Asia Kusini, ambako popoo hutafunwa kila siku. Na popoo hiyohiyo, pamoja na tambuu, chokaa na mara nyingi tumbaku, inatafunwa pia katika miji ya pwani yetu.

Tuanze na protini yenyewe. E-kadherini, mojawapo ya jamii ya protini ambazo Masatoshi Takeichi na wenzake waliziainisha huko Kyoto, hupita katika ngozi ya seli, sehemu moja ikiwa nje na nyingine ndani. Nje ina vipande vitano vilivyofuatana, na katikati yake hukaa kalsiamu. Kalsiamu ikiondolewa, vipande hulegea na seli huachana ndani ya muda mfupi. Ndani, mkia wake umeshikwa na beta-katenini, nayo imeungana na alfa-katenini iliyofungwa kwenye nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo na nguvu. Kwa hiyo E-kadherini haibandiki tu. Huipasha seli habari za jirani yake, hugawanya mkazo wa nyuzi, na huizuia beta-katenini isiende kwenye kiini kuamsha jeni za ukuaji. Mwenye kuiona kama saruji tupu hataona kwa nini uvimbe wenye kadherini nyingi unaweza kuwa mkali, wala kwa nini ule usio na kadherini unaweza kushindwa kwenda popote.

Ushahidi wa kwanza umo katika kinywa chenyewe, ila katika ugonjwa usio saratani. Katika pemfigasi vulgarisi, kingamwili za mgonjwa hushambulia desmogleini 3, ambayo ni kadherini ya vifundo vinavyoitwa desmosomu. Mara nyingi kinywa ndicho hutangulia kuumia. Ukitazama kipande cha nyama kwa hadubini utaona seli zilizoachana, zimekuwa mviringo, zinaelea katika maji ya lengelenge, huku mstari wa seli za chini ukibaki umesimama peke yake juu ya sakafu yake. Kama kuachana kungetosha kuzaa uvamizi, hapa ndipo tungeuona. Lakini seli hizo hazipenyi popote. Hubaki juu na kufa. Kupoteza mshiko, basi, hakutoshi. Na upande wa pili wa mizani, desmogleini 3 hiyohiyo imekutwa kwa wingi kupita kawaida katika saratani nyingi za kichwa na shingo.

Ushahidi wa pili ulitoka katika jarida la Cell mwaka 2017, pale Sidharth Puram na wenzake walipozisoma jeni zinazofanya kazi katika seli mojamoja, takriban 6,000, kutoka kwa wagonjwa 18 wa saratani ya kichwa na shingo, uvimbe wao ukiwa wa kinywani. Walikuta kundi la seli lililowasha programu ya kuhama: lilitengeneza protini za kupenya na za kujenga tishu ya chini. Hata hivyo, kundi hilo halikuacha alama zake za utando, na vizima-jeni vingi vinavyotajwa vitabuni kwamba huifunga jeni ya E-kadherini havikuwapo. Seli hizo zilikaa ukingoni mwa uvimbe, zikigusana na seli za tishu ya kuzunguka, na uvimbe wenye nyingi za aina hiyo ulihusiana na kuenea kwenye tezi za limfu. Mabadiliko ni ya nusu njia, na nusu hiyo ndiyo hatari. Seli za mbele hulegeza mshiko kiasi cha kuweza kujongea, za nyuma hubaki zimeshikana, na msafara mzima huteremka pamoja ndani ya misuli ya ulimi kama vidole na visiwa vya seli.

Msomaji makini atapinga: si kuna tafiti nyingi zilizoonyesha kwamba wagonjwa wenye E-kadherini kidogo hupata matokeo mabaya zaidi? Zipo, na sina sababu ya kuzikataa. Pia mwaka 1998 majaribio ya panya wenye uvimbe wa kongosho yalionyesha kwamba kuiondoa protini hii huharakisha safari kutoka uvimbe mpole hadi saratani, na mwaka huohuo utafiti wa familia za Wamaori wa New Zealand ukathibitisha kwamba kurithi jeni yake iliyoharibika huleta saratani ya tumbo. Lakini tazama tofauti. Katika saratani ya tumbo ya aina hiyo jeni imevunjika na haiwezi kurudi; katika saratani ya kinywa mabadiliko ya aina hiyo ni nadra, na upungufu hutokana zaidi na jeni kuzimwa, jambo linaloweza kugeuzwa. Ndiyo maana uvimbe uleule unaweza kuonyesha protini nyingi katikati, kidogo ukingoni, kisha ikaonekana tena kwenye tezi ya shingo. Tafiti zilizotoa alama moja kwa kipande kizima zilikusanya hali hizi tatu katika namba moja. Uhusiano zilioupata ni wa kweli, ila hautuambii ni hali ipi iliyoubeba.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ushahidi bora wa kazi ya E-kadherini katika kuenea umetoka kwenye matiti. Mwaka 2019, watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwa mifano ya saratani ya matiti kwamba kuiondoa protini hii kuliongeza uvamizi lakini kukapunguza sana uwezo wa kuota mahali papya, kwa sababu seli zilizobaki bila mshiko zilikufa kwa msongo wa oksijeni. Titi si kinywa, na kuhamisha hitimisho kama lilivyo kutakuwa haraka. Nalichukua kwa kiasi hiki tu: limevunja dhana kwamba kupenya na kuota ni hatua moja inayohitaji kitu kimoja. Yaliyoonekana katika saratani za kichwa na shingo hayapingani na hilo, na yanalipa nguvu.

Upande ambao picha ya ukuta huusahau kabisa ni sakafu. Seli za chini za utando zimefungwa kwenye laminini, protini ya sakafu hiyo, kwa protini ya mshiko iitwayo integrini alfa-6 beta-4. Saratani inapoanza kupenya, integrini nyingine, alfa-v beta-6, ambayo utando wenye afya karibu hauna, hujitokeza ukingoni. Hushika tishu ya chini, na papo hapo huifungua protini ya ishara, TGF-beta, iliyokuwa imefungiwa humo. Ishara hiyo inarudi kwenye seli na kuzidisha ile programu ya nusu njia. Yaani mshiko mpya ndio unaolegeza wa zamani. Hapa ndipo naona kiini cha jambo zima, na ndipo ninapotilia shaka matumaini ya dawa moja ya kuziba mshiko mmoja. Silengitidi, dawa iliyobuniwa kuzuia integrini za jamii ya alfa-v, haikurefusha maisha ya wagonjwa wa uvimbe wa ubongo aina ya glioblastoma katika jaribio kubwa lililochapishwa 2014.

Kwa daktari, haya yana matokeo ya moja kwa moja. Mwaka 2015, hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilichapisha jaribio la wagonjwa wenye saratani changa ya kinywa ambao tezi zao za shingo hazikuonyesha dalili. Waliotolewa tezi mapema walikuwa hai kwa asilimia 80.0 baada ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 67.5 ya waliosubiri hadi tezi zivimbe. Wengi wangependa alama ya protini iwaambie nani aachwe. Kwa sasa, alama ya E-kadherini ya kipande kizima haiwezi kubeba uamuzi huo. Kinachoweza kusomwa leo, hata katika maabara isiyo na kingamwili za kupaka, ni mwenendo wenyewe: kina cha upenyaji kwa milimita, ambacho mfumo wa kupanga hatua za saratani wa 2017 umekiwekea vizingiti vya 5 na 10, na namna ukingo unavyovunjika, yaani kama seli zinasukuma kwa pamoja, zinashuka kama vidole, au zimeacha visiwa milimita moja au zaidi kutoka uvimbe mkuu. Mambo hayo huonekana kwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini. Palipo na uwezo wa kupaka protini, kipimo kifanywe ukingoni na katikati kila kimoja peke yake, E-kadherini na alfa-v beta-6 zitazamwe kwenye mkato uleule, na ripoti iandike mahali protini ilipo: kwenye ngozi ya seli, ndani yake, au haipo kabisa.