Mlango wa Jirani: Somo la Historia Kutoka Bukavu

Mwezi wa Machi 1955, mtoto wa kiume alizaliwa Bukavu katika nyumba ya mchungaji wa Kipentekoste. Siku chache baadaye kitovu chake kiliingiwa na uchafu, homa ikampanda, na mama yake akamkimbiza kwenye zahanati iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Mama alirudishwa, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya Waprotestanti. Jirani yao, mwalimu mmisionari kutoka Sweden, alikwenda mwenyewe kuwasihi masista. Hatimaye mtoto alipokelewa, akapewa penisilini, akapona. Mtoto huyo ni Daktari Denis Mukwege, naye ameisimulia habari hiyo katika kitabu cha maisha yake.

Sisi Wakatoliki tunaisoma habari hii kwa uchungu, lakini haifai kuificha. Tena, tukitaka kuielewa, yatupasa kuutazama wakati wenyewe. Tangu mapatano ya mwaka 1906 kati ya Vatikani na utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, misioni za Kikatoliki nchini Kongo zilipewa ardhi na msaada wa serikali, hasa kwa shule. Misioni za Kiprotestanti zilianza kusaidiwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia tu. Hivyo kila upande ukawa na shule yake, zahanati yake na kilima chake. Watoto wa ukoo mmoja walikua wakiitana kwa majina ya dini zao, na wagonjwa wakaulizwa ubatizo wao kabla ya ugonjwa wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado. Hati yake juu ya umoja wa Wakristu, iliyowaita Waprotestanti ndugu zetu, ilitolewa tarehe 21 Novemba 1964.

Denis alipokuwa mvulana alizoea kumfuata baba yake kuwatembelea wagonjwa. Siku moja, baada ya kumwombea mtoto mgonjwa, alimwuliza baba yake kwa nini hakumpa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Basi mvulana akaazimia kuwa daktari, ili sala na dawa viende pamoja. Alisomea udaktari Bujumbura, akaendelea Ufaransa kujifunza utunzaji wa akina mama, kisha akarudi kufanya kazi Lemera, katika hospitali ya Jumuiya ya 8 CEPAC. Jumuiya hiyo ya Kipentekoste imo ndani ya Kanisa la Kristu katika Kongo, pamoja na Wamethodisti, Wabaptisti na wengineo.

Kisha ukaja Oktoba 1996. Tarehe 6 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao pamoja na wauguzi. Tarehe 29 ya mwezi huohuo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mchungaji wa Jimbo Kuu letu, aliuawa na askari hapa mjini, Nyawera. Alikuwa amewatetea wakimbizi waliomiminika kutoka Rwanda tangu 1994, akiuandikia ulimwengu barua ili wasisahauliwe. Mwezi mmoja ulichukua wagonjwa katika nyumba ya Waprotestanti na askofu wa Wakatoliki. Vita havikumwuliza mtu ubatizo wake.

Mwaka 1999 Daktari Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, kusini mwa Bukavu, chini ya CEPAC hiyohiyo. Alikusudia kuwahudumia akina mama wanaojifungua. Lakini mgonjwa wa kwanza kufanyiwa upasuaji alikuwa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya, na baada yake wakaja makumi ya maelfu. Wengi walikuwa wamefukuzwa na waume zao au kuonewa haya na jamaa zao. Panzi ikatambua kwamba kushona jeraha hakutoshi. Matibabu ya mwili yakafuatana na faraja ya moyo, msaada wa kisheria, na mafunzo ya kazi ili mwanamke aweze kujitegemea. Mtoto aliyekaribia kukosa dawa kwa sababu ya dini ya baba yake akafungua nyumba inayowapokea Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu.

Wale waliopokelewa nao walijua kupokea. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia daktari nyumbani kwake na kumwua mmoja wa watu wa nyumba yake. Akakimbilia ng'ambo pamoja na jamaa yake. Ndipo wanawake wa Idjwi, wengi wao maskini sana, walipouza mananasi na vitunguu ili kukusanya nauli ya kumrudisha. Januari 2013 alirudi, na umati ukampokea kwa shangwe. Miaka mitano baadaye, mwaka 2018, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Irak. Lakini tuzo ya wale wanawake ilitangulia.

Ndugu vijana, habari hii inatuachia mambo mawili. Tukubali kwamba mlango wetu uliwahi kufungwa mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Tukubali pia kwamba ulifunguliwa, kwa sababu mtu mmoja alikwenda kubisha kwa niaba ya jirani yake, na waliokuwa ndani wakageuza nia. Mkristu aliyekosea bado anaweza kufungua.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayerudishwa mlangoni leo kwa sababu ya dini, kabila au yaliyompata?

2. Je, tumewahi kwenda kubisha kwa niaba ya mwingine, kama yule mwalimu jirani?

3. Mwezi huu tunaweza kufanya kazi gani moja ya huruma pamoja na vijana wa kanisa jirani?